Kwa Mikono Miwili

Sévère alikuwa msemaji wa posa. Katika vijiji vya bonde la Ruzizi, kuanzia Luvungi mpaka karibu na Kiliba, baba mwenye binti wa kuolewa hakusema mwenyewe mbele ya wageni. Ukoo ulitafuta mtu mwenye ulimi, ukamkalisha mbele, na kuanzia hapo maneno yote ya nyumba yalipita kinywani mwake. Wageni nao walikuja na msemaji wao. Wawili hao walikaa uso kwa uso, mtungi wa pombe ya ndizi katikati yao na mirija miwili ndani ya mtungi, wakazungumza habari za ndama aliyepotea au mbegu iliyopeperushwa na upepo, bila mtu kutaja jina la msichana. Kila mmoja alijifanya mjinga. Aliyejifanya mjinga vizuri zaidi ndiye aliyesifiwa.

Sévère alijifanya vizuri kuliko wote. Kule Sange aliwahi kusinzia mbele ya wageni, akakoroma, mpaka wageni wakaimba kumwamsha. Alipofungua macho aliuliza kama mvua imekwisha, na hapo ulikuwa mwezi wa jua kali. Mara nyingine alisahau jina lake mwenyewe. Akawaomba wageni wamsaidie kulitafuta, na kila jina walilomtajia alilijaribu polepole, kama mtu anayejaribu koti la mtu mwingine. Mambo hayo yalisimuliwa sokoni na watu ambao hawakuwapo.

Mke wake, Bernardine, alijua jambo moja ambalo wasimuliaji hawakulijua. Kila mara Sévère alipofanya mchezo, katikati ya mchezo wenyewe, alimtafuta yeye kwa jicho. Alitazama upande wa wanawake kwa kitambo kidogo, kama mtu anayeangalia kama mlango umefungwa, aone kama mkewe anacheka. Halafu aliendelea kukoroma, au kusahau. Bernardine hakuwahi kumwambia kwamba ameliona hilo. Alicheka tu, kila mara.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, ilifika zamu ya binti wa mdogo wake Sévère. Mdogo huyo, Libérat, alikuwa amefanya kazi bandarini Usumbura kwa muda mrefu, kisha akarudi bondeni kulima. Binti yake, Capitoline, alikuwa amependana na Damien, kijana Mfuliiru wa Lubarika, dereva wa kamio, lori la kubeba pamba. Kwa kuwa nyumba moja ilisema Kirundi na nyingine Kifuliiru, ilikubaliwa kwamba maneno yawe kwa Kiswahili. Libérat alifurahi, kwa sababu watu walisema kaka yake alikuwa mtundu zaidi kwa Kiswahili.

Siku chache kabla ya Jumapili ya posa, Sévère na Bernardine walikuwa shambani wakichuma pamba. Pamba ilimponyoka Sévère katika mkono wa kulia. Aliiokota, ikamponyoka tena. Bernardine alimwuliza kama amechoka, na jibu lilitoka zito, kama la mtu aliyeficha kiazi cha moto shavuni. Alipomtazama aliona pembe ya kulia ya mdomo imeshuka. Alimkalisha kati ya mistari ya pamba na kumshika ule mkono. Ulikuwa na joto kama kawaida, lakini ulikuwa umelala mkononi mwake kama kitu kilichowekwa pale na mtu mwingine.

Kisha ukarudi. Kikapu cha Bernardine kilikuwa hakijajaa bado, na tayari Sévère alikuwa anakunja na kukunjua vidole na kusema maneno yaliyo wazi. Mdomo ulikuwa umenyooka. Alisimama, akaendelea kuchuma.

Mama yao Sévère na Libérat alianza vivyo hivyo. Mwiko ulimponyoka akisonga ugali, maneno yakachafuka, halafu kila kitu kikarudi mahali pake, na watoto wakapika pombe ya kushukuru. Pombe ilikuwa haijaisha mtunguni wakati mama alipoomba kulala kidogo mchana. Wakasema amechoka, alale kwanza. Alipoamka hakuwa na maneno, na hakuyapata tena. Bernardine ndiye aliyemwosha na kumgeuza mpaka alipokufa. Libérat wakati huo alikuwa Usumbura.

Kwa hiyo jioni ile, walipokuwa wakibeba pamba kwenda nyumbani, Bernardine alimwambia mumewe waende Uvira, kwenye hospitali karibu na ziwa. Sévère alimwuliza wakifika kule ataonyesha nini. Mkono ulikuwa huu hapa, alisema, ukibeba kikapu. Alisema wataenda baada ya Jumapili. Alimwomba pia asimwambie Libérat, maana msemaji akibadilishwa katika wiki ya mwisho watu husema nyumba hiyo haina amani, na wageni huanza kutafuta sababu. Hayo yalikuwa ya kweli. Bernardine hakukubali wala hakukataa. Alikuwa amesema alilokuwa nalo, na lilikuwa limekwisha.

Kuanzia hapo alimtazama. Alimtazama akila, akiongea na jirani, akilala. Hakuhisi hofu hasa. Alihisi kama mtu aliyepewa chungu kilichojaa akaambiwa akishike, asiulize mpaka lini.

Jumapili, baada ya misa, Sévère alivaa shati jeupe. Vifungo vilimchelewesha. Alisema vifungo vya siku hizi vimekuwa vidogo, na Bernardine akamfungia cha mwisho. Akautazama mdomo. Ulikuwa umenyooka.

Wageni walikuja na kamio. Bwana mkubwa wa pamba alikuwa amempa Damien ruhusa ya kuitumia siku hiyo, na wageni walishuka wakijipangusa, maana nyuzi za pamba ziliwashika kwenye mavazi na nywele, wakaonekana wazee wote, hata vijana. Msemaji wao alikuwa Marcellin, mtu mfupi mwenye macho ya kuchekesha, aliyeingia kofia ikiwa mkononi na akaiweka juu ya goti lake. Alikuwa amesikia sifa za Sévère kwa muda mrefu. Kila mtu aliona kwamba siku hiyo alikuwa ameingoja.

Wanaume walikaa sebuleni kwa Libérat. Damien alikaa nyuma ya wenzake, kwa sababu mwoaji haruhusiwi kusema neno siku ya posa. Capitoline alikuwa katika chumba cha ndani, nyuma ya pazia la mkeka, ambako haruhusiwi kutoka. Wanawake walikaa karibu na mlango wa jikoni, na Bernardine kati yao, mahali ambapo aliweza kuuona uso wa mumewe.

Maneno yalianza vizuri. Marcellin alisema wametembea mbali wakimtafuta ndama wao mwenye doa jeupe usoni, na nyayo zimeishia mbele ya nyumba hii. Sévère alijibu kwamba nyumba hii haina ng'ombe, ina mbuzi tu, na mbuzi mmoja hayupo, amekwenda kwa padri kuungama. Watu wakacheka. Marcellin akauliza dhambi ya mbuzi huyo ni nini. Sévère akasema ni siri ya padri na mbuzi. Wakacheka zaidi, na Sévère akatupa jicho upande wa mlango wa jikoni, na Bernardine akacheka pamoja na wengine. Kwa kitambo hicho alikisahau chungu alichokishika.

Marcellin alipouliza tena habari za ndama, Sévère hakujibu. Wageni wakatazamana wakitabasamu, wakijua kwamba mchezo umeanza. Halafu Sévère akasema neno ambalo halikuwa neno, zito, bila mwisho. Mtu mmoja nyuma akapiga paja lake kwa kicheko. Sévère alishika mrija, akanyonya, na pombe ikatoka pembeni mwa mdomo wake upande wa kulia, ikapita kidevuni, ikashuka kwenye shati jeupe. Hakuipangusa. Mrija ukamponyoka.

Nyumba nzima ikacheka. Libérat alicheka. Walisema siku ile ya kukoroma haikuwa kitu mbele ya hii.

Marcellin hakutaka kushindwa. Aliuangusha mrija wake pia. Aliulegeza mdomo wake upande mmoja, akaiacha pombe itiririke kidevuni, na akamjibu Sévère kwa neno lile lile lisilo neno, kwa sauti ile ile nzito. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wawili wale waliketi wakitazamana, midomo yote miwili imeshuka, na kutoka mbali mtu asingeweza kusema nani alikuwa anaigiza.

Bernardine hakucheka. Alikuwa anangoja jicho. Lilikuwa halijamtafuta. Alingoja zaidi, na Sévère aliutazama tu mrija ulioanguka kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu hicho kinaitwaje.

Bernardine alisimama. Baadaye hakukumbuka kusimama. Alikumbuka tu kwamba kuku alikuwa anadonoa maganda ya ndizi mlangoni, na kwamba alimpita kwa uangalifu asimkanyage. Alichukua kibuyu kilichokuwa tupu, akaingia katikati ya wanaume, jambo ambalo wanawake hawakufanya ila kuongeza pombe, akapiga magoti mbele ya mumewe. Akamnyoshea kibuyu kwa mikono miwili.

Hapo vicheko vikakatika, kwa sababu kila mtu alielewa kwamba kitu anachopewa mtu kwa mikono miwili kinapokewa kwa mikono miwili. Maneno yanaweza kuchezewa. Usingizi unaweza kuchezewa, hata jina. Lakini kupokea kwa mkono mmoja mbele ya wageni wa posa ni kuwatukana, na msemaji hata awe mtundu namna gani hawezi kuugusa mchezo huo. Watoto wadogo walilijua hilo.

Sévère alinyosha mkono wa kushoto. Wa kulia ulibaki juu ya goti. Aliutazama, akautazama tena, na haukuja. Kibuyu kiliinama, na Bernardine hakukiachia.

"Haiko anacheza," alisema Bernardine bila kugeuka. "Iko mugonjwa."

Libérat alikuwa amesimama nusu. Uso wake ulionyesha hofu mbili kwa pamoja, ya kaka na ya binti. Alisema polepole kwamba kaka yake labda amechoka kwa jua la asubuhi. Wamlaze chumbani kidogo, maneno yamalizike, maana maneno yakikatika katikati wageni watarudi Lubarika bila jibu, na wote wanajua hiyo maana yake ni nini kwa msichana. Mtu mmoja akasema aletewe maziwa anywe apate nguvu. Mwingine akasema kijijini kuna mtu anayejua kupiga chuku, atoe damu mbaya kichwani.

Bernardine aliyasikia yote. Alisema asinyweshwe chochote, maana koo lake halijui tena njia. Kisha akamgeukia Libérat.

"Shemeji, mama yenu tulisema alale kwanza," alisema. "Akalala."

Bernardine alisema anataka kamio, sasa, imfikishe Sévère Uvira.

Marcellin alikuwa bado na pombe kidevuni. Kwa nusu ya akili alikuwa bado ndani ya mchezo, na hakuna wa kumlaumu, kwa sababu alikuwa ameingojea siku hiyo kwa muda mrefu.

"Mama, kwa mahari tuliambiwa muko munapenda ng'ombe," alisema. "Hatukuambiwa kama muko munapenda na kamio."

Hakuna aliyecheka. Marcellin aliangalia huku na huku, akakutana na uso wa Sévère, akauangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Kisha akafunga mdomo wake.

Aliyesimama ni Damien, ambaye hakuruhusiwa kusema. Alisema atawasha motokari, na wamlete kwa mkeka. Alipotoka nje, pazia la chumba cha ndani lilifunguka, na Capitoline, ambaye hakuruhusiwa kutoka, akatoka akiwa amebeba mkeka wake mwenyewe. Hawakutazamana. Mambo mengine ya siku ile yalikuwa yameharibika tayari, na hayo mawili yaliongezeka juu yake bila mtu kuyatolea neno.

Walimlaza Sévère ndani ya kamio kwa ubavu, kichwa juu ya mapaja ya Bernardine, uso umeelekezwa chini ili mate yatoke nje. Hivyo ndivyo alivyojifunza kumlaza mama mkwe, baada ya mama mkwe kupaliwa na uji mara nyingi. Libérat alipanda. Marcellin naye alipanda, bila kuombwa, akakaa kwenye kona. Barabara ya bonde ilikuwa na mashimo, na nyuzi za pamba ziliinuka sakafuni kila gari liliporuka, zikashuka tena juu yao wote. Bernardine alizitoa moja moja kwenye kope za mumewe. Alifikiri kwamba angepaswa kulia, akatafuta kilio, hakukiona. Aliona tu kwamba nyuzi zilikuwa nyingi.

Walivuka mto Runingu, wakapita Kiliba. Njiani Sévère alijaribu kusema mara kadhaa. Bernardine alimwambia anyamaze, kwamba maneno yako salama, atayakuta. Hakujua kama hiyo ni kweli. Walipofika Kavimvira ziwa lilionekana upande wa kushoto, limetulia, na Bernardine akagundua kwamba Marcellin alikuwa bado ameushika mrija wake wa pombe mkononi, na hakuwa na habari nao.

Hospitalini walipokewa na munganga, msaidizi wa daktari, aliyeitwa Gratien, kijana wa upole, na baadaye kidogo akaja daktari Mzungu. Walimfunga Sévère kitambaa cha mpira mkononi, wakapuliza hewa, wakasikiliza. Swali la kwanza la daktari lilikuwa ugonjwa umeanza lini. Libérat alisema leo, wakati wa maneno. Bernardine alisema hapana, ulianza shambani, siku zile za nyuma, halafu ukaenda zake.

Gratien alitafsiri, na daktari akamtazama Bernardine kwa muda. Hakukasirika. Kupitia kwa Gratien alieleza kwamba damu ya Sévère ilisukumwa kwa nguvu nyingi mno, na mshipa mmoja wa kichwani umeziba. Kichwa kikikosa damu upande mmoja, mdomo hushuka, mkono hulegea, maneno huchafuka, ghafla, hata bila maumivu. Wakati mwingine huja kidogo na kuondoka, na hiyo ya kuondoka ndiyo ya kukimbilia nayo hospitalini kuliko zote, kwa sababu mtu bado ana mikono yake. Angepimwa, angepumzishwa, angekatazwa chumvi na kazi ya jua. Daktari hakusema kwamba hayo yangeuzuia ugonjwa. Alisema tu kwamba wangekuwa wameanza mapema. Na alisema, kwa Kiswahili chake kidogo, kwamba watu humletea ugonjwa. Hakuna anayemletea ugonjwa uliokwisha.

Alisema pia kwamba kumlaza kwa ubavu na kutomnywesha kitu kumeyaokoa mapafu yake, na kwamba kumfikisha jua likiwa bado juu ni jambo jema. Bernardine aliyapokea hayo yote kwa namna moja, mabaya na mema, kama mtu anayepokea mizigo na kuipanga chini bila kuifungua.

Katika vitabu ugonjwa huu huitwa kiharusi. Bondeni wakati ule haukuwa na jina moja. Wengine waliuita upepo, wengine mkono wa wafu.

Sévère hakufa. Alikaa hospitalini, Bernardine akilala kwenye mkeka chini ya kitanda, akimgeuza ubavu huu na ubavu ule kama alivyofundishwa, akimkunjua vidole vya mkono wa kulia asubuhi na jioni. Mguu ulirudi kwanza, ukiburuta. Maneno yalirudi machache sana. Alipata jina la mkewe, akalipoteza, akalipata. Alipata "maji". Alipata "iko", na hilo alilitumia kwa kila kitu, kwa chakula, kwa maumivu, kwa salamu.

Waliporudi nyumbani mvua zilikuwa zimeanza. Huku nyuma posa ya Capitoline ilikuwa imesimama mahali ilipokatika. Desturi ilikuwa wazi: maneno yaliyoanzwa na kinywa kimoja humalizwa na kinywa hicho. Libérat alizunguka kwa wazee, na wazee walimwelewa. Wakasema ugonjwa ni ugonjwa, achague msemaji mwingine, waanze upya, hakuna atakayenung'unika. Libérat alipeleka habari hizo Lubarika. Aliogopa kwamba huko watasema basi, maana Damien alikuwa kijana mwenye kazi nzuri, na wasichana walikuwapo hata Lubarika.

Jibu alilileta Marcellin mwenyewe. Alikuja peke yake kwa baiskeli, akaketi kwa Libérat na kofia yake gotini, na hakufanya mzaha hata mmoja. Alisema Damien hataki kuanza upya, na yeye pia hataki.

"Nilikicheka kinywa chake mbele ya watu," alisema Marcellin. "Kinijibu chenyewe. Nitangoja."

Libérat alimkumbusha kwamba huenda kisijibu kamwe. Marcellin akasema amesikia. Akaomba maji, akanywa, akapanda baiskeli yake.

Walingoja. Pamba ilipandwa, ikapaliliwa. Bernardine alilima pande zote mbili za shamba, upande wake na wa mumewe, na Sévère alikaa mwisho wa mstari juu ya kigoda, akifanyiwa kivuli kwa kitambaa, akikunja na kukunjua vidole. Watu waliopita walimsalimu kwa sauti kubwa, kama vile alikuwa kiziwi. Bernardine alikuwa akiutazama mdomo wake kila asubuhi kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Aliambiwa na majirani kwamba amekuwa mkimya. Hakuwa amelitambua. Siku zilikuwa zinapita mbele yake, naye alizifanya moja baada ya nyingine, kama mtu anayekunja nguo za watu wengine.

Kisha asubuhi moja Sévère alionyesha shati jeupe. Bernardine hakuelewa. Akalionyesha tena, akaonyesha njia ya kwa Libérat, akasema, "Iko." Bernardine alipeleka habari.

Wageni walikuja Jumapili, kwa kamio ile ile. Walikaa mahali pale pale, na hii haikupangwa, ila kila mtu alikumbuka alipokuwa amekaa. Sauti zilikuwa za chini. Mtungi uliwekwa katikati na mirija miwili. Marcellin aliweka kofia gotini. Alimsalimu Sévère kama mzee wake, kisha akasema maneno yale yale ya kwanza, kwamba wametembea mbali wakimtafuta ndama mwenye doa jeupe usoni, na nyayo zimeishia hapa.

Sévère alikaa kimya.

Marcellin akauliza sasa bila mapambo.

"Muzee, ndama wetu iko hapa, ao haiko?"

Sévère aliinama kidogo, akashika mrija kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima. Akanyonya. Kisha mrija ukamtoka mkononi, ukaanguka.

Damien alikuwa amekwisha simama, ufunguo wa kamio mkononi. Libérat alikuwa amesimama. Kule nyuma mwanamke alianza kuita jina la Mungu, na Capitoline alikuwa ameshafungua pazia. Marcellin peke yake hakusogea. Alikuwa ameuvaa uso wa mtu anayeona jambo lile lile likimfikia mara ya pili.

Bernardine alikuwa akimtazama mumewe. Aliuona mdomo, ukiwa umeshuka kama ulivyoshuka siku zote sasa, si zaidi. Aliuona mkono wa kushoto ukiwa wazi juu ya goti, vidole vimetulia. Kisha aliona jicho la Sévère likizunguka polepole, kupita wageni, kupita Libérat aliyesimama, mpaka mlango wa jikoni. Likamkuta. Likakaa hapo kwa kitambo kidogo, likingoja.

"Kaeni," alisema Bernardine. "Iko anacheza."

Hakuna aliyekaa mara moja. Walimtazama yeye, wakamtazama Sévère, ambaye alikuwa amegeuka na sasa anautazama mtungi kwa makini sana, kama mtu ambaye hajawahi kuona mtungi. Kisha Damien akaketi, na wengine wakafuata, na Marcellin akatoa pumzi iliyosikika nyumba nzima.

Sévère aliwaacha wangoje bado kidogo.

"Iko," alisema.

Bernardine hakucheka. Alijaribu, kwa sababu alijua kwamba jicho lilikuwa limeomba hivyo, lakini kicheko hakikuwa mahali kilipokuwa zamani, na hakujua kilikokwenda. Badala yake aliingia katikati ya wanaume na kupiga magoti. Aliuokota mrija, akaupangusa kwa kitambaa chake, akamnyoshea mumewe kwa mikono miwili.

Mkono wa kushoto ulikuja. Ukasimama hewani, ukingoja mwenzake. Kisha wa kulia ukaondoka gotini, ukiwa unatetemeka, ukafika nusu ya njia. Bernardine alisogea mbele kwa magoti mpaka ulipomfikia.